SURA YA SITA: Kinachobaki Baada ya Kishindo

Tufe jeupe la pool likipigwa katikati, bila kupewa mzunguko, likaligonga tufe jingine uso kwa uso, husimama. Halilifuati lile lililogongwa wala halirudi lilikotoka. Husimama palepale, na lile jingine huondoka kwa kasi ileile ambayo jeupe lilikuja nayo. Katika vijiwe vya mitaani, ambako meza ya pool haikosi watu tangu alasiri, jambo hili hutokea mara nyingi mno hata hakuna anayelishangaa. Nami nataka tulishangae, kwa sababu ndani yake zimo sheria mbili zinazotawala vitu vyote vinavyogongana. Ukizitenganisha vizuri pale mezani hutapotea tena, uwe unatazama kiini cha atomu, jiwe la angani, au basi lililokutana na gari dogo barabarani.

Tuanze na hesabu ndogo. Tufe lina tungamo la gramu 170 na linakwenda mita 4 kwa sekunde. Baada ya kugonga mwenzake aliyetulia lingeweza, kwa fikra, kufanya mambo mengi. Yote mawili yangeweza kuondoka pamoja kwa mita 2 kwa sekunde. Jeupe lingeweza kubakiwa na mita 1 na jingine kuchukua 3. Au jeupe lingerudi nyuma kwa mita 1 na jingine lingechomoka kwa mita 5. Chukua hali yoyote kati ya hizo, zidisha tungamo la kila tufe kwa kasi yake, toa kinachorudi nyuma kwenye kinachokwenda mbele: jumla ni ileile iliyokuwepo kabla. Zao hilo la tungamo na kasi, likihesabiwa pamoja na mwelekeo wake, ndilo momenta. Sheria ya kwanza inasema momenta ya vitu vinavyogongana, visipoingiliwa na kitu cha nje, haipungui wala haiongezeki. Lakini kama unavyoona, sheria hiyo peke yake haikuambii tufe jeupe litafanya nini. Inaruhusu mengi.

Sasa pima kitu cha pili: nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena. Hiyo ni nishati mwendo. Kabla ya kugongana tulikuwa na jouli 1.36. Matufe yakiondoka pamoja zinabaki jouli 0.68, nusu imetoweka. Yakiondoka kwa mita 1 na mita 3, zinabaki 0.85. Jeupe likirudi nyuma na jingine likachomoka kwa mita 5, zinakuwa 2.21, na hapo tungekuwa tumeumba nishati isiyokuwepo. Tufe jeupe kusimama kabisa na jingine kuondoka na mita 4 ndiyo njia pekee inayotunza vyote viwili, momenta na nishati mwendo, bila tufe moja kupenya ndani ya jingine. Matufe ya pool ni magumu na yanadunda vizuri, kwa hiyo hukaribia sana hali hiyo. Mgongano wa namna hii, ambao nishati mwendo yote hubaki nishati mwendo, ni mgongano mnyumbufu. Ule ambao sehemu ya nishati mwendo hugeuka kitu kingine si mnyumbufu, na uliokithiri ni ule wa vitu kugandamana na kwenda pamoja.

Mchezaji hodari anajua jambo jingine kwa jicho lake: tufe jeupe likigonga kwa ubavu, bila mzunguko, matufe mawili huachana kwa pembe mraba. Sababu ni hesabu zilezile. Momenta inataka mishale miwili ya kasi baada ya mgongano ijumlike kuwa mshale ule wa mwanzo, yaani iunde pembetatu nao. Nishati inataka mraba wa kasi ya mwanzo ulingane na jumla ya miraba ya kasi mbili za mwisho. Pembetatu yenye sifa hiyo tulifundishwa shuleni kwa jina la Pythagoras, na lazima iwe na pembe ya nyuzi 90.

Leo tunayasema haya kwa kurasa mbili. Kuyafikia kulichukua wanazuoni wa Ulaya karibu miaka mia, na ugomvi wao unafaa kusimuliwa kwa sababu walichokuwa wakichanganya wao ndicho wengi wetu tunachokichanganya mpaka leo.

Mwaka 1644 Mfaransa René Descartes, aliyekuwa akiishi Uholanzi, alichapisha kitabu cha misingi ya falsafa, na ndani yake akaweka kanuni saba za migongano. Alishika jambo kubwa: ulimwengu una kiasi fulani cha mwendo ambacho Mungu alikiweka tangu mwanzo na anakitunza. Kiasi hicho alikipima kwa ukubwa wa kitu mara kasi yake. Alikuwa karibu sana na ukweli, ila aliuacha mwelekeo. Kwake kitu kiendacho mashariki na kiendacho magharibi kwa kasi moja vilihesabiwa kwa kujumlishwa, wakati kwa kweli kimoja hufuta kingine. Upungufu huo mmoja ulizibomoa karibu kanuni zake zote. Ya nne inasema kwamba kitu kidogo hakiwezi kamwe kukisogeza kikubwa kilichotulia, kije kwa kasi yoyote ile; kitarudi tu kilikotoka. Mtoto yeyote aliyecheza gololi ameona kinyume chake.

Aliyeirekebisha hesabu hiyo alikuwa kijana wa nyumba ambayo Descartes alikuwa rafiki yake. Christiaan Huygens alizaliwa The Hague mwaka 1629, na baba yake aliandikiana barua na mwanafalsafa huyo. Kabla hajafika miaka 30 Huygens alikuwa ameshaandika jibu lake, na kiini chake ni hoja ya mashua, kama inavyofaa kwa mtu wa nchi ya mifereji.

Chukua matufe mawili yaliyo sawa, magumu, yanayokuja kukutana kwa kasi sawa. Hakuna sababu ya moja kupata zaidi ya jingine, kwa hiyo kila moja litarudi lilikotoka kwa kasi ileile. Hilo Huygens analichukua kuwa la wazi. Sasa anayefanya jaribio awe amesimama ndani ya mashua inayoteleza mferejini bila kuyumba, na mwenzake awe amesimama ukingoni, anatazama. Mashua iende kwa kasi ileile ya matufe. Aliye ndani haoni jipya: matufe yanakutana na kurudishana. Lakini aliye ukingoni anaona kisa kingine kabisa. Tufe lililokuwa likienda kinyume na mashua, kwake limetulia, maana mashua inalipeleka mbele kadiri lenyewe linavyorudi nyuma. Tufe la pili, linaloelekea upande wa mashua, kwake lina kasi maradufu. Yanagongana. Lile lililotulia sasa linaondoka na kasi maradufu, na lile lililokuja na kasi linabaki limetulia.

Ndilo lile tufe jeupe la pool. Huygens alilipata bila kupima kitu, kwa kukubali tu kwamba sheria za migongano haziwezi kuwa tofauti kwa mtu wa mashuani na mtu wa ukingoni. Kwangu mimi, katika fizikia nzima ni hoja chache zilizotoa mengi hivyo kutoka katika machache. Kwa kubadilisha kasi ya mashua aliweza kuhesabu mgongano wa kila namna, na katika hesabu hizo aliona kwamba jumla ya tungamo mara mraba wa kasi hutoka vilevile kabla na baada, mradi vitu ni vigumu na vinadunda kikamilifu. Kitabu chake kamili juu ya jambo hili kilichapishwa 1703, miaka minane baada ya kufa kwake.

Kabla ya hapo, mwaka 1668, Royal Society ya London ilikuwa imewaomba wataalamu walete sheria za migongano. John Wallis alileta yake Novemba, Christopher Wren, yule mbunifu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, akaleta Desemba, na ya Huygens ikafika Januari 1669. Wren na Huygens walishughulikia vitu vinavyodunda. Wallis alishughulikia vile visivyodunda kabisa, vinavyogandamana. Watu watatu, njia tofauti, na wote walikubaliana juu ya kitu kimoja: momenta yenye mwelekeo haipotei. Katika migongano ya Wallis lakini, mraba wa kasi ulipungua. Ulikwenda wapi?

Swali hilo liligeuka vita. Mwaka 1686 Gottfried Leibniz aliwashambulia wafuasi wa Descartes akisema kwamba kipimo cha kweli cha nguvu ya kitu kiendacho ni tungamo mara mraba wa kasi. Baadaye alikiita nguvu hai. Profesa wa Leiden, Willem 's Gravesande, aliangusha matufe ya shaba kwenye udongo laini mwaka 1722 akakuta kwamba tufe lililofika chini na kasi maradufu lilifukua shimo mara nne, wala si mara mbili. Émilie du Châtelet aliutetea upande huo mbele ya wasomaji wa Ufaransa katika kitabu chake cha fizikia cha mwaka 1740, na alifanya hivyo katika nchi ambayo wasomi wake waligawanyika kati ya Descartes na Newton, huku yeye mwenyewe akiwa mfasiri wa Newton. Tafsiri yake, iliyotoka kamili 1759, miaka kumi baada ya kifo chake, Wafaransa wanaitumia hadi leo.

Pande zote mbili zilikuwa na haki, kwa sababu zilikuwa zinajibu maswali tofauti. Ukiuliza breki yenye kani fulani itachukua muda gani kukisimamisha kitu, jibu liko kwenye momenta. Ukiuliza itachukua umbali gani, jibu liko kwenye nishati mwendo. Msomaji ashike sentensi hizo mbili, maana tutazihitaji tukifika barabarani.

Juu ya kile kinachotoweka vitu laini vinapogongana, Leibniz alimwandikia Mwingereza Samuel Clarke mwaka 1716 kwamba hakitoweki: kinaingia kwenye chembe ndogo za ndani, mfano wa pesa kubwa iliyovunjwa chenji. Aliona kweli. Alichokosa ni vipimo, na vipimo vilikuja katika miaka ya 1840 pale James Joule alipoonyesha ni kiasi gani cha joto hutokana na kiasi gani cha kazi. Hata ile nusu tunayoiweka mbele ya tungamo ilikuwa bado changa. Aliyeiweka ni Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1829. Mtu huyohuyo aliandika mwaka 1835 kitabu kizima cha hisabati ya biliadi.

Lakini kwa nini nishati inaweza kuvunjwa chenji na momenta haiwezi? Hapa ndipo penye mzizi wa sura hii.

Donge la udongo lina chembe nyingi mno. Baada ya kishindo chembe hizo zinatetema huku na huku, kila moja na upande wake. Nishati haina upande. Chembe inayotetema kulia ina nishati, inayotetema kushoto ina nishati, na zote zinajumlishwa. Ndiyo maana donge linapata joto. Momenta ina upande. Ya kulia na ya kushoto zinafutana, na zikifutana katika chembe zote jumla ni sifuri. Kwa hiyo mtetemo wa ndani unaweza kubeba nishati nyingi bila kubeba momenta hata kidogo. Nishati ina maficho ndani ya kila kitu: joto, sauti, chuma kilichopinda, kioo kilichovunjika. Momenta haina mahali pa kujificha. Chembe moja ikiisukuma nyingine, nayo husukumwa kinyume kwa kani ileile na kwa muda uleule, hivyo anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake, hata kama ndani ya mgongano mambo yamevurugika kiasi gani.

Msomaji makini ataniuliza: donge la udongo likiangushwa sakafuni likanata, momenta yake imekwenda wapi? Imeingia ardhini. Dunia ina tungamo la kilogramu zipatazo 6 zikifuatwa na sifuri 24, na momenta ya donge ikigawanywa humo haizalishi kasi ambayo chombo chochote kinaweza kuipima. Lakini imo.

Newton mwenyewe alipima jambo hili, na matokeo yake yamo katika kitabu chake cha 1687. Alining'iniza matufe kwa nyuzi za futi 10, akayaachia yagongane, akasahihisha kwa makini upungufu unaoletwa na hewa. Matufe ya sufu iliyokazwa sana yaliachana kwa kasi iliyokuwa tano ya tisa ya ile yaliyokutana nayo. Ya chuma cha pua yalikaribia hapohapo, ya kizibo yalikuwa chini kidogo, ya kioo yalifika 15 ya 16. Kila kitu kilikuwa na kiwango chake cha kudunda. Momenta haikuwa na kiwango: ilibaki ileile kwa sufu na kwa kioo.

Kutokana na tofauti hiyo mtu anaweza kufanya mambo ya ajabu, na la ajabu kuliko yote kwa maoni yangu lilifanywa Cambridge mwaka 1932. Ilikuwa inajulikana kwamba madini ya berili yakipigwa na chembe za alfa hutoa mnururisho usio na chaji, unaopenya hata risasi nene. Mjini Paris, Irène na Frédéric Joliot-Curie waliuelekeza kwenye nta wakaona protoni zinachomoka kwa kasi kubwa, na walidhani mnururisho huo ni miale ya gamma. James Chadwick hakukubali. Aliuelekeza pia kwenye gesi ya naitrojeni, akapima. Protoni zilichomoka kwa hadi kilomita 33,000 kwa sekunde; viini vya naitrojeni, vyenye tungamo mara 14 ya protoni, vilifika 4,700. Kama mnururisho ungekuwa gamma, nishati iliyohitajika kuichomoa protoni na ile ya kukichomoa kiini cha naitrojeni hazikulingana hata kidogo. Ama sheria mbili za migongano zilikuwa zimevunjika, ama kilichokuwa kinagonga ni chembe yenye tungamo.

Chadwick aliziamini sheria. Alitumia hesabu ileile ya tufe jeupe, akiruhusu tu matungamo yatofautiane. Katika mgongano mnyumbufu wa uso kwa uso, uwiano wa kasi ya protoni na ya naitrojeni unategemea kitu kimoja tu kisichojulikana, nacho ni tungamo la chembe inayogonga. Kasi zile mbili zina uwiano wa karibu 7 kwa 1. Ukifungua hesabu, tungamo linatoka karibu na 1.15 ya tungamo la protoni, na vipimo vyake vilikuwa na wasiwasi wa asilimia 10 hivi. Kwa maneno mengine, chembe nzito kama protoni, isiyo na chaji. Hakuna aliyekuwa ameiona. Ilijulikana kwa jinsi ilivyowasukuma wengine. Ilikuwa neutroni, na mwaka 1935 ilimpatia Chadwick Tuzo ya Nobel.

Kwenye mgongano usio mnyumbufu huwezi kutumia sheria zote mbili namna hiyo, maana hujui nishati imejificha wapi. Lakini momenta inabaki mkononi mwako, na tarehe 26 Septemba 2022 iliwatosha wahandisi wa NASA. Siku hiyo chombo chao DART, chenye tungamo la kilogramu 580 hivi, kiligonga kwa makusudi asteroidi ndogo iitwayo Dimorphos, yenye upana wa mita 150 hivi, inayozunguka asteroidi kubwa zaidi iitwayo Didymos. Kasi ilikuwa kilomita 6.1 kwa sekunde. Lengo lilikuwa kujua kama jiwe la angani linaloielekea Dunia linaweza siku moja kusukumwa kando.

Nishati mwendo ya chombo ilikuwa kama jouli bilioni 11, na sehemu yake kubwa iliishia kuponda mwamba, kupasha joto na kutawanya vifusi. Ungedhani basi kwamba mgongano wa kupotezapoteza namna hii unasukuma vibaya. Ikawa kinyume. Vifusi vilitupwa nyuma, kule chombo kilikotoka, na kwa kuwa momenta haijifichi, kila jiwe lililorushwa nyuma liliipa Dimorphos msukumo wa ziada kwenda mbele. Msukumo wote ulizidi ule wa chombo chenyewe. Makadirio yanayotajwa zaidi ni mara 3.6. Kasi ya Dimorphos ilibadilika kwa milimita 2.7 hivi kwa sekunde, na muda wake wa kumzunguka mwenzake, uliokuwa saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa dakika 33. Wahandisi walikuwa wamejiwekea kipimo cha mafanikio cha sekunde 73.

Turudi chini, kwenye lami, ambako sheria hizi zinaua watu.

Basi la tani 12 na gari dogo la tani 1.2 vinakutana uso kwa uso, kila kimoja kwa kilomita 80 kwa saa, na kukwama pamoja. Momenta inatuambia mara moja kitakachofuata: vyuma hivyo vilivyogandamana vitaendelea upande wa basi kwa kilomita 65 kwa saa. Waliomo ndani ya basi wamepungukiwa na kasi ya kilomita 15 kwa saa. Waliomo ndani ya gari dogo walikuwa wanakwenda mbele kwa 80, na kufumba na kufumbua wanarudishwa nyuma kwa 65. Kasi yao imebadilika kwa 145. Momenta waliyobadilishana ni ileile, lakini gari dogo limelipa mara kumi zaidi kwa kasi. Uhodari wa dereva hauingii katika hesabu hiyo. Ndiyo maana kulipita lori kwenye kona, hali huoni mbele, ni kuchezea sheria ambayo haijawahi kumsamehe mtu.

Katika mgongano huohuo kama jouli milioni 1.08 za nishati mwendo zimetoweka kwa sehemu ya sekunde. Lazima ziingie mahali. Zikikosa chuma cha kupinda, zinaingia kwenye mifupa. Mhandisi wa Mercedes-Benz, Béla Barényi, alilielewa hili mapema, na mwaka 1951 aliomba hataza ya gari ambalo mbele na nyuma yake hupondeka kwa makusudi huku chumba cha abiria kikibaki kigumu. Watu wengi hulisifia gari la zamani kwa kuwa bodi yake haibonyei. Nawasihi wafikiri upya. Gari lisilobonyea limeikataa nishati, na aliye ndani ndiye atakayeipokea.

Fuata hesabu ya mtu mmoja. Ana kilogramu 70, gari linakwenda kilomita 50 kwa saa na linagonga ukuta. Momenta yake lazima iishe. Hapo hakuna cha kujadili. Kinachojadilika ni umbali atakaosimamishwa ndani yake. Akisimamishwa na dashibodi ndani ya sentimita 5, kani inayomkandamiza ni sawa na mzigo wa karibu tani 14. Mkanda ukimshika na mbele ya gari ikapondeka, akasimama ndani ya sentimita 60, mzigo huo unashuka hadi tani moja na ushei. Tani moja kifuani na nyongani inaumiza, lakini watu hupona. Mkanda wa kushika sehemu tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo.

Kasi nayo isichukuliwe kijuujuu. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa momenta inaongezeka kwa asilimia 25, na dereva hujiona ameongeza kidogo tu. Nishati inayotafuta mahali pa kuingia imeongezeka kwa asilimia 56, na umbali wa kusimama kwa breki zilezile umeongezeka vivyo hivyo.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mzazi aijue. Mtoto wa kilogramu 10 amepakatwa, gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, na mgongano unalisimamisha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili mama amzuie mtoto asiponyoke, mikono yake inapaswa kuhimili kani sawa na mzigo wa kilogramu 140. Hakuna mikono ya namna hiyo, hata ikiwa na mapenzi ya mzazi.

Kwenye bodaboda hakuna chuma cha kupondeka kati ya kichwa na lami. Kilichopo ni sentimita chache za povu gumu ndani ya kofia, na kazi ya povu hilo ni kubonyea mara moja na kubaki limebonyea, likiwa limeimeza nishati. Kofia iliyokwisha kupata kishindo kikubwa imeshamaliza kazi yake, hata kama nje haina mkwaruzo. Basi mtoto akalishwe kwenye kiti chake na kufungwa mkanda, abiria wa nyuma afunge wake, na kofia iliyotoka kwenye ajali isivishwe kichwa kingine.